Mkono Uliokata Taa

Kabambare, mwezi wa Rajabu

Kwa baba yangu mpendwa, Mzee Lukumani, Kasongo.

Shikamoo, baba. Sisi huku tu wazima. Kifua cha mtoto kilitusumbua, sasa kimetulia. Mguu wa mama unaendeleaje? Mwambie chumvi yake imefika.

Baba, tangu Atumani alete barua yako sina raha. Unasema taa ya bati niliyokutumia umeitundika barazani, wazee wanakuja kutazama nyota zake ukutani, na ukipitisha kidole ndani ya tundu hakikwaruzwi. Sasa wamekubaliana nije nikate taa ya msikiti kabla ya mfungo, katika karakana yako, mbele ya macho yao. Lo! Nilisoma nikasimama, nikakaa, nikasimama tena.

Tena umeuliza nimejifunza wapi kuligeuza bati chini ya patasi, wakati weye ulinifundisha kugeuza patasi. Ah, baba, jicho lako halizeeki!

Basi nikwambie. Mwaka jana, katika kazi ya barabara ya Wamaza, jiwe liliniponda gumba la kuume. Nilikuficha. Kidonda kimepona, lakini gumba halikunjiki. Nikishika patasi inaniponyoka. Niliogopa sana, baba. Kazi nyingine siijui.

Ndipo mke wangu Emilienne akaishika patasi. Aliweka bati juu ya gogo akaanza na machujio ya chai, mimi nikimwelekeza, nikimfokea pia, Mungu anisamehe. Aliharibu mabati mengi. Siku moja akaniambia ninyamaze kidogo, akaligeuza bati kwa namna yake, na tundu ikatoka safi.

Siku nilipomwoa ulisema binti wa wakulima wa misheni asikanyage karakana yako, kwamba mkono uliozoea jembe hautaijua patasi. Nilinyamaza, maana mtoto hajibizani na baba yake. Lakini hiyo taa inayokumulikia barua hii, baba, imekatwa na mkono ule ule wa jembe. Mimi sikutoboa hata tundu moja.

Atumani anapiga kengele ya baiskeli hapo nje, amechoka kuningoja. Nisalimie mama na majirani wote. Kama taa ya msikiti bado mnaitaka, tuite wawili. Ukiniita peke yangu, baba, sitakuja.

Wanao wanaokuheshimu,
Sumaili, na mkamwana wako Emilienne