Kamba ya Nyuma

Jumatatu, 12 Machi 2001

Tumefunga mzigo kabla jua halijawa kali. Bidoni sita za plastiki zilizojaa mawese, tatu kila upande, zimezungushiwa mpira wa tairi. Amisi anashika usukani. Mimi nashika kamba ya nyuma. Ndivyo tunavyofanya tangu vita vifunge barabara na magari yaishe: tunatoka Kindu na chumvi na sabuni, tunarudi kutoka Kampene na mafuta. Kupanda, nasukuma. Kushuka, nazungusha kamba mkononi mara mbili na kuvuta nyuma kwa uzito wangu wote. Baiskeli haina breki. Siku tukiwa hatuna mzigo tunapanda wote wawili, na breki ni kisigino changu kwenye tairi la nyuma.

Siku mbili sijaoga. Nanuka mafuta. Amisi anasema habari za mtoto wake Ramazani tu. Ana meno mawili. Nimeyasikia hayo meno mara nne leo. Nimemwambia kila mtu duniani alianza na meno mawili. Hakusikia.

Kesho tunaanza mlima. Sisi watu wa baiskeli tunauita Shuka-Ukisali.

Jumatano, 14 Machi 2001

Amisi amekufa. Risasi. Nimemzika kando ya njia, chini kidogo ya kilele. Mafuta yote yamemwagika. Sina zaidi.

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Kindu. Joto. Chai ya majani ya jana. Mke wangu, Mama Zaina, amepika sombe, majani ya muhogo, katika sufuria mbili, kama kawaida: kubwa ya watu wote, yenye mawese, na ndogo ya kwangu, isiyo nayo. Miaka yote hii anawaambia wageni kwamba nina tumbo la mzungu. Wageni wanacheka. Mzaha huo umenichosha. Nikinusa mawese nataka kutapika, basi.

Ramazani amekuja na simu mkononi. Ni yule yule wa meno mawili. Sasa ana ndevu na pikipiki, anabeba abiria mjini. Alikuja kukaa kwetu akiwa na miaka kumi, ili asome. Ananiita baba mudogo, ingawa mimi na Amisi hatukuzaliwa tumbo moja. Mama yake yuko Kampene, kwa kaka zake. Ametuma sauti: "Shemeji, hitima ya baba Ramazani njo Ijumaa. Weye ulimuzika, weye njo utasimama useme. Na mutoto umuonyeshe kaburi kwanza."

Ndiyo desturi yao. Aliyemzika mtu husimama mbele ya wasomaji na kueleza marehemu alivyokufa, kisha ndipo kisomo kinaanza. Hitima ya Amisi haikusomwa wakati wa vita, baadaye ikasogezwa mwaka hadi mwaka. Mwenye kujua kaburi ni mimi peke yangu.

Nimesema nitakwenda. Ningesema nini?

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Nimetoa daftari la zamani sandukuni. Mende wamekula jalada, wameacha mavi yao kwenye kurasa. Neno lile lipo bado, halikuliwa. Risasi.

Kumdanganya mjane, watu wengi wamefanya. Mimi nilidanganya hata daftari langu, lisilosomwa na mtu yeyote ila mimi. Nimejiona mchafu kuliko hao mende.

Sasa naandika. Amisi hakupigwa risasi. Kulikuwa na mlio mmoja, mbali, ndani ya msitu. Tulikuwa tunashuka. Nikafungua kamba, nikaruka kichakani. Na ile kamba haikuniponyoka. Ilikuwa imezunguka mkono mara mbili. Nilikunjua mzunguko wa kwanza, halafu wa pili. Nafasi ya kufikiri niliipata. Baiskeli na bidoni zake sita zikampitia Amisi na kumburuta kwenye mawe. Aliishi mpaka adhuhuri.

Wenye bunduki hawakutokea. Alitokea mwindaji na kima begani. Mlio ulikuwa wake, alikuwa amemfyatulia kima. Alipotuona aliomba radhi kwa kutushtua. Nikamwambia nimemsamehe. Mimi huyo, nikamsamehe. Akanisaidia kuchimba. Mikono yangu ilikuwa myekundu hadi viwiko, na sikujua wapi ni mawese na wapi ni Amisi.

Ijumaa nikisema risasi, atasomewa juu ya uongo. Nikisema kamba, Ramazani atajua ni mkono gani uliomlisha miaka yote.

Jumanne, 8 Oktoba 2024

Tumevuka mto kwa mtumbwi hadi Alunguli, pikipiki imelazwa, maji yanaingia, mwenye mtumbwi anapiga kasia huku anapekua pua. Nimebeba kuku wawili wa hitima. Nyuma yangu gunia la mchele wa Kibombo. Kuku tumewaning'iniza kwenye usukani, vichwa chini. Kabla ya saa nne suruali yangu ilikuwa imechafuka hadi magotini.

Barabara ni uji. Kwenye kizuizi askari amekula ndizi zetu bila kuuliza, akapangusa vidole kwenye mkono wa shati langu. Nimemwambia asante. Nilijichukia kwa hiyo asante njia nzima.

Pikipiki haina breki ya nyuma. Imekwisha tangu Agosti. Ramazani anasema ya mbele inatosha. Na kila mteremko anazima injini na kuachia tu, ishuke yenyewe, asichome petroli. Nimemkataza. "Baba mudogo, kushuka haiombe esansi. Mulima njo inasukuma." Wote wanafanya hivyo kwenye njia hii. Nimewaona, wanapita kimya, wanachekelea, wanadhani wameuibia mlima kitu.

Tumelala kwa mama mmoja kijijini. Kunguni. Shuka ina mafuta ya vichwa vya watu wengine. Maharage yake yalielea kwenye mawese. Nimekula ndizi moja iliyobaki, mama wa watu akanitazama kama nimemtukana.

Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Naandika ya jana. Niko kwenye kituo cha afya, Kampene. Kitanda kina godoro la plastiki lenye mkojo wa zamani.

Tulifika kaburini kabla ya saa sita. Mawe yangu mawili yapo bado. Mzizi umeyatenganisha. Ramazani alivua viatu, akasoma Fatiha, akakaa chini. Nilikuwa nimejiandaa. Tangu kijijini nilikuwa nayapanga maneno mdomoni. Akaniuliza, "Alipigwa wapi?"

Nikaonyesha kifua. Kidole changu mwenyewe, hapa, upande wa kushoto. Naye akaweka mkono kwenye kifua chake, mahali pale pale, akaukandamiza. Nilisogea pembeni nikatema mate. Ladha ilikuwa ya mafuta, na sikuwa nimekula kitu.

Tukapanda hadi kilele, tukaanza kushuka upande wa Kampene. Akazima injini. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Gunia lilinisukuma mgongoni, mimi nikamsukuma yeye. Mwendo ukaongezeka. Nilisikia upepo na kuku tu. Akashika breki ya mbele kidogo, gurudumu likacheza, akaiachia. Alijua anachofanya. Njia mbele ilikuwa imenyooka, kisha inapanda tena. Pikipiki ingepunguza mwendo yenyewe pale. Nimeifikiria mara mia tangu jana na jibu ni lile lile.

Kisigino changu hakikungoja. Kilitoka chenyewe kikaenda kwenye tairi la nyuma, kama enzi za baiskeli. Miaka hamsini na mitatu ninayo, na mguu bado unadhani ni mwaka ule. Ndara ikaingia kwenye spoki. Gurudumu likakaza. Tukaruka.

Nilipoinua kichwa, Ramazani alikuwa amekaa njiani anautazama mkono wake wa kulia. Mfupa ulikuwa nje. Gunia lilipasuka. Kuku mmoja alikufa, mwingine kamba yake ilikatika, akawa anatembea juu ya mchele anadonoa. Nilimchukia kuku huyo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Kisha nikajikumbuka.

Watu wanne wa baiskeli walikuwa nyuma yetu, baiskeli mbili za chumvi na sabuni. Bado wapo. Magari hayajarudi kwenye mlima huu. Hawakuuliza kitu. Walishusha mizigo yao kando ya njia, wakamkalisha Ramazani kwenye ya kwanza na mimi kwenye ya pili. Mmoja mbele, mmoja nyuma na kamba. Nilikuwa nyuma, kwa hiyo nilimwona yule wa kamba ya Ramazani mteremko wote. Mwembamba, kikohozi kibaya. Kamba imezunguka mkono mara mbili. Mahali penye utelezi alianguka kwa makalio, akaburutwa, hakuiachia. Alipoamka alipangusa tope akaendelea. Wala hakujua kama kuna mtu anamtazama.

Muuguzi aliuliza ilikuwaje. Mimi nilikuwa bado navuta pumzi. Ramazani akajibu: "Njo mbuzi. Iliruka mu barabara." Halafu muuguzi alipokwenda kuchota maji, akanigeukia. "Baba mudogo, ya kisigino usiseme. Watakucheka."

Uongo mwepesi, wa huruma, umetoka bila kukwama. Ameujifunza nyumbani kwangu.

Mama yake alikuja leo asubuhi na termosi ya chai. Amezeeka. Alimshika mwanawe uso, akamshika miguu, akalia kidogo, akasema alhamdulillah. Akaanza kumtukana mbuzi.

Nikamwambia hakukuwa na mbuzi. Nikamwambia kisigino. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka nikamwambia kamba. Mwindaji. Kima. Adhuhuri. Sikungoja Ramazani alale. Alikuwa macho, kitanda cha pili.

Mama yake alisema, "Sema tena, shemeji. Polepole."

Nikasema tena.

"Weye njo ulifungua?"

Mimi.

Alikuwa ameshanimiminia kikombe. Akairudisha chai ndani ya termosi, akafunga kifuniko, akaondoka nayo. Ramazani amegeukia ukuta.

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Hakuna aliyekuja kunichukua. Nimemwomba mtu wa baiskeli, yule mwenye kikohozi, anipeleke kwenye hitima. Kisigino kimeshonwa vibaya na kinanuka.

Wanaume walikuwa kwenye mikeka, wanawake upande wa jiko. Waligeuza nyuso nilipoingia. Kumbe mjane ameshawaambia. Nilidhani basi nimeokoka, sina haja ya kusema. Fikra hiyo ilinijia, naiandika ili nisije nikajisifu baadaye. Maalimu akanitazama na kungoja. Nikashika nguzo ya kibanda, nikasimama kwa mguu mmoja, nikasema. Nilisema mizunguko miwili. Nilisema ule wa kwanza, halafu wa pili. Kaka mkubwa wa mjane alitema mate nje ya mkeka. Maalimu akasema tumesikia. Kisomo kikaanza.

Watu husema ukitua mzigo unakuwa mwepesi. Sikuwa mwepesi. Kisigino kiliuma, na niliona haya, na inzi walikuwa wengi.

Walikuwa wameokota kiasi cha ule mchele wetu uliomwagika njiani, wakaupika. Ulikuwa na mchanga. Nilisikia meno ya watu yakiusaga. Sikuletewa sahani, na ilikuwa haki.

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Ramazani anautazama ukuta. Muuguzi amesema mkono wake wa kulia utapona ila hautakunjuka wote. Huo ndio mkono wa gesi, unaoongeza mwendo wa pikipiki. Ndio mkate wake. Nilitaka kumwambia samahani, neno likanuka mdomoni, nikalimeza.

Mama Zaina amepiga simu. Nimemwambia yote. Akauliza kama nimekula.

Jumapili, 13 Oktoba 2024

Mchana muuguzi ameleta sahani. Amesema imetoka kwa Mama Ramazani, na hakutuma neno. Sahani moja, kubwa. Wali na sombe. Mawese yamekaa juu, mekundu.

Ameiweka kwenye kiti katikati ya vitanda viwili akaenda zake. Ramazani ameitazama. Mkono wa kulia uko kwenye plasta hadi begani, na wa kushoto hawezi kulia chakula, hakulelewa hivyo. Tangu tufike muuguzi ndiye anayemlisha uji kwa kijiko. Muuguzi hakurudi.

Nimenawa. Nimejivuta hadi ukingo wa kitanda. Nimefinyanga tonge, nimelichovya. Mafuta yamenitiririka hadi kifundo cha mkono. Nimenyoosha mkono.

Ameutazama muda mrefu. Mkono, si tonge. Mimi sikuuondoa.

Kisha amefungua kinywa.

Nimemlisha hivyo mpaka robo tatu ya sahani. Mara moja amekohoa nikampa maji. Yalipobaki matonge machache ametikisa kichwa, akasema, "Na weye kula."

Nimekula. Chumvi ilikuwa imezidi.