Msomeeni na Shifaa

Al Quoz, Dubai
Mei 2014

Shangazi Khairunisa,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, ila joto limeshaanza. Fundi mwenzangu Mmisri alinionyesha picha ya hekalu la kwao, ukuta mzima umechongwa majina ya wafalme wa kale.

"Kuna malkia aliyetawala, hayumo," akasema. "Waliomfuata hawakumtaka."

Nikamkumbuka marehemu mke wangu, Shifaa, alivyokuwa akinipulizia chai ipoe huku akinicheka, "Mwanamume mzima unaogopa kikombe?"

Najua hapo nyumbani hamkumtaka. Mwaka jana, kwenye hitma ya kabla ya Ramadhani, walisomwa marehemu wetu wote, yeye akarukwa. Shangazi, majina unaandika wewe. Safari hii muweke baada ya mama. Watakaonuna waache wanune. Dua ikisomwa wataitikia amin.

Mwanao,
Faiz