Mugo Anataka Kunisikia Nikija

Jumapili, 2 Novemba 2003

Leo pasta amesoma majina yetu kanisani mara ya kwanza. Mugo na Rahab wanataka kufunga ndoa, mwenye kizuizi aseme. Watu wakageuka. Wengine wakacheka ndani ya leso. Miaka arobaini na moja niko na huyu mwanaume, mbuzi za mahari zililiwa kwa baba yangu, nimezaa saba – na nasomwa kama msichana wa juzi. Niliangalia mbele tu.

Ni yeye ametaka. Miaka yote nilimwambia, akasema baba yake hakuvaa pete na alikufa vizuri. Halafu mwezi wa tisa tukamzika ndugu yake huko Kimuka. Pasta wa huko alikataa kuja kwa sababu marehemu hakuwa na harusi ya kanisa. Hakuna maombi, hakuna wimbo. Mugo haoni tangu ugonjwa wa sukari umalize macho. Kwa hivyo alisikia udongo ukianguka na watu wakikohoa, basi. Kwa gari akasema, "Mama Wanyoike, mimi sizikwi hivyo."

Jumatatu, 3 Novemba

Tulikuwa Kajiado hospitali. Kidole cha mguu kimekuwa cheusi kama makaa na kinanuka. Daktari anasema mguu ukatwe kutoka hapa kwa kifundo, na upesi. Mzee akasema baada ya harusi. Atasimama mbele ya Mungu na miguu miwili, halafu wachukue wanayotaka. Daktari akaniangalia mimi. Mimi nifanye nini? Nimegombana na hiki kichwa tangu kabla ya Uhuru.

Nikapitia kwa Pasta Wakhungu. Nikamwambia afunge hii harusi kesho. Hapana, lazima isomwe Jumapili tatu. Ni sheria. Ni tarehe ishirini na mbili. Nikamuuliza kama hiyo sheria imeona mguu wa Mugo. Akasema ataniombea.

Jumanne, 4 Novemba

Waithera binti yangu amekuja kunipima rinda. Anashona jeans kwa kampuni, kwa hivyo anashika mtu kiunoni kama anashika gunia. Mzee akasema kutoka kitandani, "Rinda sitaona. Kanisa ni simiti. Mnunulie viatu vinavyolia akitembea. Nataka kumsikia akija."

Waithera akacheka. Halafu akaacha kucheka.

Alhamisi, 6 Novemba

Viatu vimefika, kutoka soko la Gikomba. Rangi ya maziwa. Kisigino urefu wa kiberiti kikisimama, na chembamba – mtu anaweza kutoboa nacho mahindi. Vidole vyangu vilitembea bila kiatu mpaka nikaolewa. Vimezoea kila kimoja kukaa kwake. Sasa vimesukumwa pamoja kama wageni kwa kitanda kimoja.

Nilisimama. Nikashika ukuta. Nikaona juu ya kabati, mahali sijawahi kuona. Vumbi tupu. Waithera alikuwa anapanguza nini akiishi hapa?

Nikatembea mpaka mlangoni.

"Nani huyo ameingiza punda?" mzee akauliza.

Ijumaa, 7 Novemba

Jentrix, mpangaji wa chumba cha mwisho, ndiye mwalimu. Ni msichana wa Kakamega, anafanya kazi ya ofisi Nairobi. Kila asubuhi namuona na gumboots kwa hii matope yetu ya Kitengela, viatu vya ofisi kwa karatasi chini ya kwapa. Akifika lami anabadilisha, gumboots anamwachia mama anayeuza sukuma wiki. Nilikuwa namcheka. Leo jioni nimemuita na kumkalisha. Ananiita Cucu, kama nyanya yake.

"Cucu, usiangalie chini. Ukiangalia chini unaanguka."

"Nikiangalia juu nitaanguka nikiwa najivuna."

"Hatua ndogo. Kisigino kishike, ndio vidole vifuate. Magoti yasikunjwe kama unachota maji."

Ameniwekea pamba mbele na vaselini nyuma. Amesema nilale na viatu vikiwa na soksi ndani, vipanuke. Vilale, sio nilale. Tumetembea veranda mara ishirini, yeye mbele, mimi nyuma. Mgongo unaniuma mahali sikujua kuna mgongo.

Mzee anasikiza kwa dirisha. Leo anasema nimekuwa askari amelewa. Nikamwambia anyamaze, yeye hata punda hawezi kuwa.

Akacheka mpaka akakohoa. Sijamsikia akicheka tangu Kimuka.

Jumamosi, 8 Novemba

Yule mama Mmasai wa maziwa alinikuta verandani. "Takwenya," akanisalimu, nikamjibu, bado akasimama tu na mtungi wake. "Yeyo, mama, umerefuka." Nikamwambia nimekuwa mrefu siku zote, nilikuwa nimekunjwa.

Nitaandika ukweli, hakuna mtu anasoma. Napenda hivi viatu. Kifua kinaenda mbele chenyewe. Sauti inatoka chini na kupanda kwa mifupa. Kitu kimoja nilipewa maishani ambacho sio cha kulimia, sio cha kupikia.

Mguu wa mzee umefura mpaka kwa goti. Nikisafisha, ngozi inabaki kwa kitambaa.

Jumapili, 9 Novemba

Kusomwa mara ya pili. Nilienda navyo, nivipatie zoezi la simiti ya kanisa. Nilitembea vizuri mpaka kiti cha tatu. Watu walinyamaza! Halafu wakati wa kutoka kisigino kikaingia kwa mfereji mlangoni na nikaanguka chini na Biblia, miguu juu, mbele ya akina mama wote na vitambaa vyao vya chama ambavyo mimi sijakubaliwa kuvaa bila harusi ya kanisa.

Phylis, bibi ya mzee wa kanisa, ndiye aliniinua. Aliniinua na mdomo pia. "Rahab, si uvae tu sandak za plastiki? Mtu wa umri wako anatafuta nini huko juu?"

"Nakutafuta wewe, sikuoni."

Nilitembea mpaka nyumbani bila kuchechemea. Nilipofunga mlango nikakaa sakafuni. Kifundo ni kama viazi. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 11 Novemba

Sikutembea jana. Mzee akauliza, "Viatu vimekufa?" Nikasema nimechoka. Akauliza tena, "Umeumia wapi?"

Asiyeona huyu, huwezi kumficha kitu. Akaniambia nilete mguu. Akaushika na mikono yake yote miwili, akakanda polepole kama alivyokuwa akikanda matiti ya ng'ombe ikiwa na ugonjwa. Mimi na mguu mmoja mbovu, yeye na mmoja mbovu, kitanda kimoja.

"Vaa sandak," akasema. "Nitajua ni wewe."

Hapo nikakasirika. Phylis anasema sandak, na yeye anasema sandak. Nimefunga kifundo na kitambaa na nimetembea mara kumi, machozi yananitoka kwa hasira. Akasema sasa ni mwalimu anaenda kuchapa mtu.

Jumapili, 16 Novemba

Kusomwa mara ya tatu. Hakuna kizuizi. Mzee alibaki nyumbani. Homa.

Jumanne, 18 Novemba

Mzee hali wali wala uji. Maji tu, kwa kijiko. Nilimwambia wazi: Mugo, kubali wakate, harusi tutafanya ukiwa na mguu mmoja, mimi siolewi na miguu. Akatikisa kichwa. Siku nne, akasema. Nikamtukana. Nikaanza na baba yake, nikaenda kwa babu yake.

Baadaye nikavaa na kutembea. Hakusema mimi ni nani. Aligonga mbao ya kitanda na kidole, pole pole, sawa na mimi. Nikienda haraka, kidole hakiharakishi. Nikienda pole, anangoja. Nikamfuata yeye. Ikawa ni kidole kinanitembeza.

Alhamisi, 20 Novemba

Wamempeleka Kajiado, kijana wangu Wanyoike na pickup yake. Alikuwa anaita watu waliokufa.

Daktari anasema sumu imefika kwa damu. Mguu sasa hata wakikata haisaidii kitu. Nilisimama hapo. Nikamuuliza ingesaidia siku ile ya tarehe tatu? Akafunga faili. Basi nimejua.

Jumapili tatu.

Ijumaa, 21 Novemba

Daktari ameandika barua. Anaweza kutoka kesho, arudishwe jioni. Nafikiri anajua harudishwi.

Amefungua macho mara moja. "Ni kesho?" Nikasema ni kesho. "Usikimbie," akasema. "Nataka isikike yote."

Jumamosi, 22 Novemba

Naandikia kwa chumba cha pasta, kwa meza ya kitabu cha ndoa. Daftari ilikuwa kwa kikapu.

Mvua tangu alfajiri. Harusi ilikuwa saa nne. Pickup imefika saa tisa na nusu, ilikwama mara mbili. Kanisani haifiki. Imekwama tena hapo nje, hatua kama ishirini kutoka mlangoni, na ule udongo mweusi umeshika magurudumu mpaka katikati. Mzee yuko nyuma kwa godoro, chini ya turubai. Wakimwinua analia sauti ambayo sitaandika. Kwa hivyo habebwi.

Pasta alisema sawa, atatufungia hapo hapo kwa gari. Mungu yuko nje pia. Lakini mwanaume lazima akubali mwenyewe, mbele ya mashahidi. Hata kwa kichwa, hata kwa mkono. Na Wanyoike anasema baba hajamjibu mtu yeyote tangu gari ipite Isinya. Pasta alipanda akamuuliza kwa sikio, mara mbili. Unamkubali Rahab? Hakuna kitu. Anapumua tu. Pasta akafunga kitabu, akaacha kidole ndani.

Phylis akasema tumwombee tu, imetosha.

Nikasema haijatosha. Mtu anangoja bibi yake aje, nyinyi mnaenda kumpigia kelele kwa sikio. Atajibu aje na mimi sijakuja?

Nikatoka mlangoni mimi, na viatu vyangu. Hatua ya kwanza kiatu kikazama, ya pili kikabaki huko na mguu ukatoka. Hakuna sauti. Ni kama ng'ombe anapita. Nilifika kwa gari na mzee akageuza uso upande ule mwingine.

Nikarudi. Nimewaambia watoe mbao za dari zilizo kwa stoo, wazipange kutoka mlangoni mpaka kwa pickup. Mbao kavu, mbili mbili, mawe chini zisibonyee. Mzee wa kanisa akasema ni mbao za kanisa. Hakuna aliyemsikiza. Wanyoike amevua koti la suti. Waithera anabeba na rinda limekunjwa kiunoni. Hata Phylis anabeba, na kitambaa chake cha chama kimeshachafuka, na hajaniambia neno.

Jentrix amepiga magoti hapa anatoa matope kwa visigino na njiti ya kiberiti. Analia. Nimemwambia alie baadaye, apanguze chini pia, kusiteleze.

Saa kumi na moja kasoro. Pasta amesema saa kumi na mbili ndio mwisho, baada ya hapo hawezi kuandika. Amesimama mlangoni na saa yake. Leo hasemi sheria.

Kifundo kimefura tena. Kiatu cha kushoto hakiingii. Kitaingia.

Wanyoike amekanyaga mbao ya mwisho, imelia vizuri. Nimewaambia kwaya wafunge mdomo na watoto washikwe. Gari izimwe. Mtu asikohoe. Hakuna mtu atatembea hapo ila mimi.