Nitashukia Kalamba Kwanza

Southampton, kwa Mwende
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Muthiani, mwana wa mama,

Kaa chini kwanza ndipo usome, kwa sababu nimeandika kwa urefu. Mgongo wako unaendeleaje? Na mke wako Syombua, lile goti limetulia? Niambie kama mvua ilitosha mbaazi au ilikuwa ile ya kulowesha vumbi tu. Sisi ni wazima. Mimi nimenenepa, Baba Mwende amekonda, na daktari wa huku anasema sote wawili tuko sawasawa, kwa hivyo sijui anatumia kipimo gani.

Usishangae kuona mwandiko wangu badala ya kusikia sauti. Wewe ukipigiwa simu unaiweka spika na nyumba nzima inachangia. Haya ni yako wewe kwanza. Anayekuletea ni muuguzi anayefanya kazi na binti yangu Mwende, mtu wa Kathonzweni, na anasafiri kesho. Sisi tutamfuata baada ya wiki moja.

Habari za meli najua utaulizwa sokoni, basi nikupe ya kujibu. Watoto walitulipia safari ya siku hamsini baharini, zawadi ya kustaafu iliyochelewa miaka minane. Tulipandia hapa Southampton, tukazunguka visiwa vingi vya mbali, tukarudi hapa hapa. Meli ina ghorofa kumi na mbili. Ina maduka, ina hospitali, ina bwawa la kuogelea, yaani unakwenda katikati ya bahari halafu unaogelea kwenye birika. Abiria karibu wote ni wazee wenzetu. Wanakula mara tano kwa siku na kati ya mlo na mlo wanaota jua. Bahari yenyewe ilinishangaza siku mbili. Baada ya hapo ni maji.

Siku ya tatu mwanamke anayesafisha vyumba alikuta pipa letu la takataka limejaa maji ya bafuni. Baba Mwende ndiye aliyeyakinga wakati anaoga. Akaulizwa ni ya nini. Akasema ni ya kumwaga chooni, na yakibaki wayapeleke kwenye maua yale ya ukumbini. Yule mama akacheka mpaka akakaa kitandani. Lakini mtu aliyelelewa na maji ya kuchimbwa kwenye mchanga wa mto utamfundishaje kuyaacha yaende hivi hivi? Mpaka tunashuka, pipa lilikuwa linajaa kila asubuhi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Chumba cha pili kutoka chetu kilikuwa na mzee Mwingereza na mke wake, anaitwa Doreen. Tulikuwa tunakula nao meza moja. Yule mzee alipenda kumuuliza Baba Mwende habari za mizinga ya nyuki, na unajua ukimuuliza Baba Mwende habari za nyuki umejitakia. Asubuhi moja yule mzee aliinama kufunga viatu, akafia hapo hapo.

Tuliambiwa tukiwa tunakunywa chai. Baba Mwende akaweka kijiko chini, akasema, "Twende tumwone huyo mama." Tukafanya vile ungefanya wewe. Kwa mfiwa huendi mikono mitupu, lakini kwenye ile meli hakuna mahali pa kununua sukari ya kilo. Nikapita meza kwa meza nikichukua vile vikaratasi vidogo vya sukari mpaka mkoba ukajaa. Baba Mwende akatia majani ya chai na vikopo vya maziwa kwenye mifuko ya koti. Mwalimu mkuu mzima, mzee wa kanisa, anatembea huku mifuko imefura.

Doreen alipofungua mlango nadhani alifikiri tumekuja kuazima kitu. Tukaingia, tukaketi kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Nikamwaga ile sukari mezani kwake. Akaiangalia. Mwende ameniambia baadaye, huku ameshika kichwa, kwamba kwao mfiwa huachwa peke yake apumue, na watu humtumia kadi. Sisi tungejuaje? Tulikaa mpaka saa saba mchana. Baba Mwende aliomba kwa Kikamba, kwa sababu Kiingereza chote alichofundisha miaka thelathini kilimkataa siku hiyo.

Doreen akaniuliza, "Sukari yote hii ni ya nini?"

Nikamwambia, "Ya watu watakaokuja."

"Hakuna mtu atakuja," akasema. Halafu akachemsha maji, akatutilia chai kwa sukari ile ile, na ndipo akalia.

Alipomaliza kulia alizungumza sana. Akaniambia mume wake yuko kwenye chumba cha baridi huko chini na atarudi na sisi mpaka mwisho wa safari. Kijijini kwao jiwe la kaburi lilishawekwa zamani, lina majina yao wawili, bado tarehe tu. Alisema hayo kwa utulivu, kama mtu anayekuelekeza nyumbani kwake.

Kaka, niliogopa. Siogopi kufa, nimefunga macho ya watu wengi wodini. Niliogopa kwa sababu nilijiuliza mimi ningepelekwa wapi.

Wewe ulikuwa shule ya bweni mwaka nilioolewa, kwa hivyo ulisikia nusu. Unachojua ni kwamba ntheo yangu, wale mbuzi wa kumtoa msichana kwao, haikuliwa, kwamba watu wa Matiliku, kwao Baba Mwende, walinichukua bure na kwa mila yetu mimi bado ni msichana wa baba yetu. Ulisema hivyo mbele ya watu siku tuliyomzika mama. Ulisema, "Huyu dada yetu hajatolewa hata mbuzi mmoja, hata akifa leo ni wetu." Baba Mwende alisimama akaenda kwenye gari, na tangu siku hiyo hajakanyaga hapo kwetu Kalamba.

Lakini mbuzi walifika, Muthiani. Nilikuwepo. Baba Mwende na baba yake waliwaleta watatu, kwa miguu, mwaka ule wa ukame ambao hata sisi tulikuwa tunakula mara moja kwa siku. Walikuwa wamekonda mpaka yule beberu wa kuchinjwa alilala mlangoni akakataa kuinuka. Baba yetu aliwatazama akasema, "Hawa siwezi kuwachinja, ni kuwaonea. Warudisheni mkawalishe. Majani yakiota mtawaleta." Alisema hivyo kwa huruma, na hakutaka watu wajue alirudisha ntheo kwa mkono wake, maana kuna ambao wangesema ni mkosi. Wale mbuzi walikufa wote kabla ya mvua. Baba naye akatangulia mwaka uliofuata. Baba Mwende akaokoka, tukafunga harusi ya kanisa, akaanza kusema hayo ni mambo ya zamani, na ikawa rahisi kwangu kukubali.

Siku ya mazishi ya mama Baba Mwende angeweza kukujibu. Alinyamaza kwa sababu baba alimwomba asiseme. Na mimi, niliyejua yote, nilikaa katikati yenu nikanyamaza pia. Hilo ni kosa langu na limenikaa kifuani miaka tisa. Hujui vile limenichosha.

Basi tulipotoka kwa Doreen nikamuuliza Baba Mwende, "Ningekuwa ni mimi niko kwa ile friji, ungenipeleka wapi?"

"Matiliku. Kwani kuna kwingine?"

"Na Muthiani akisimama aseme sijatolewa ntheo?"

"Si tuko na cheti cha kanisa?"

"Cheti hakichinjwi, Baba Mwende."

Akachukua kofia akaenda kuzunguka meli. Siku mbili hatukuongea ila "pitisha chumvi." Nilimwachia. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. Siku ya tatu nikamwambia wazi kwamba nikishuka kwenye ndege sitaingia nyumba ya Matiliku mpaka nitolewe kwetu kama watu wengine. Hakukasirika. Akaniuliza, "Sasa mbuzi wa ntheo wanachaguliwa namna gani? Wale wa kwanza alichagua baba."

Nikataka kucheka lakini nikaona macho yake.

"Wa kanisa watanicheka," akasema. "Nimewahubiria hiyo maneno."

"Wacheke. Nyama si watakula?"

Basi amekubali. Ameshampigia ndugu yake mkubwa amtafutie beberu mmoja na majike wawili, wanono. Ana ombi moja kwako: usihutubu. Pokea mbuzi, chinjeni, mle pamoja, mumpe nafasi ya kusema maneno yake mawili na umwitikie. Ukitaka kumkaripia, nikaripie mimi, nimeshakwambia aliyestahili ni nani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na sisi wawili tumeshajikwaa vya kutosha, wewe kwa kusema na mimi kwa kunyamaza.

Kwa hivyo mambo yatakuwa hivi. Tukitoka uwanja wa ndege mimi nitashukia Kalamba, yeye ataendelea Matiliku na masanduku. Mwambie Syombua anitandikie chumba cha mama. Jumamosi inayofuata atakuja na ndugu zake. Nitakuwa bibi harusi wa miaka sitini na minane mwenye dawa za presha mkobani, na sitaki mtu yeyote apige picha.

Nisalimie Syombua, mwambie nimemletea bandeji ya goti, ile ya kuvuta. Nisalimie shangazi yetu, dada ya baba, na umsomee hii barua polepole. Ukituacha mimi na Baba Mwende, yeye peke yake ndiye aliyebaki aliyewaona wale mbuzi, muulize kama nasema uongo. Salamu kwa kifungua mimba wako mwenye jina la baba, na kwa mchungaji wenu kama ameacha kununa. Mwende anakusalimu na anauliza kama ni kweli mama yake anaolewa.

Jambo moja limebaki. Ndege ni ndege na umri ni umri. Huyo beberu akishachinjwa, siku nikifa nizikeni Matiliku, hata kama mtakuwa mmekosana tena. Nikifa kabla hajachinjwa, nizikeni hapo nyumbani kando ya mama, sitalalamika. Lakini Baba Mwende mpeni kiti cha mbele, na mtu asimuulize amekuja kama nani.

Ni mimi dada yako,
Mwikali