Kitabu Kinachouliza Neno

Jumamosi, 3 Julai 1993

Mchezo haukuanza hadi saa kumi. Kompyuta ya ukumbi wa mtaa ni nzima. Kitabu ndicho kilichokataa.

Mwenzangu Opicho alikinunua kihalali, duka la mjini. Hakina kurasa, kimo ndani ya diski. Kinaeleza nchi ya kubuni, miji yake, mapango yake na watu ambao msafiri hukutana nao. Kila mchezaji hujitwalia mhusika, dadu huamua, na Opicho husimulia. Tangu macho yake yaingiwe na ukungu hawezi kusoma chapa ya kawaida, ila kwenye kioo cha kompyuta herufi hukuzwa hadi ziwe kubwa kama kidole gumba. Ndiyo sababu ya kukinunua.

Lakini kabla ya kufunguka, kitabu huuliza neno. Mstari wa tisa, neno la pili — namna hiyo, na kila mara ni neno jingine. Majibu yamo katika kijitabu cha karatasi kilichokuja na diski: herufi nyeusi juu ya rangi ya maini. Waliokichapisha wamefanya hivyo makusudi, kisinakilike kwa mashine. Opicho haoni chochote pale. Mimi huona, nikisimama dirishani jua likiwa limetoka. Huu ni Julai. Jua halikutoka mpaka karibu saa kumi.

Triza, ambaye huuza dagaa wa omena sokoni na katika mchezo ni mhunzi, aliuliza kama kitabu kinatushuku sisi ni wezi.

"Kinakushuku wewe," Opicho akamjibu. "Mimi kinanijua."

Kijitabu nimekivika jalada la karatasi ya kaki kwa gundi, kama nilivyovivika vitabu vyote vilivyopita mikononi mwangu shuleni. Angalau hakitachakaa.

Nimemwambia Opicho leo kwamba ninarudi kijijini kwetu, Mbooni. Nyumba ya baraza la jiji naikabidhi mwezi huu ukiisha.

"Sasa nani atanisomea neno?"

Jumatatu, 5 Julai

Opicho alitaka kijitabu kitolewe nakala yenye rangi nyepesi. Nilipinga. Ukurasa wa kwanza unakataza kunakili kwa njia yoyote ile. Nilifuatana naye tu ili asivuke Jogoo Road peke yake.

Msichana wa mashine ya kunakili alitoa karatasi nyeusi tii. "Wazee, mmeniletea giza, nami nimewapa giza." Hakutaka malipo.

Opicho aliisogeza karatasi hadi puani. Akaikunja, akaitia mfukoni. Sijui ya nini.

Alhamisi, 8 Julai

Eastleigh, kwa Dirie, fundi wa kompyuta. Anacho kitabu hicho hicho, kimevunjwa kufuli. Hakiulizi neno. Mtu aliyeiba hasumbuliwi, mzee wangu, alisema. Anayesumbuliwa ni yule aliyenunua.

Ni kweli, na ni aibu kwa waliokichapisha. Hata hivyo nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumkanya Opicho. Hayakuhitajika.

"Changu nimenunua," alimwambia Dirie. "Nitupe cha halali nichukue cha wizi, kwa sababu gani? Nataka hiki hiki kinifungulie."

Dirie alicheka, akatuagizia chai.

Jumanne, 13 Julai

Opicho amekuja na jambo jipya. Alipokuwa katika kibanda cha ishara cha reli, ujumbe wa simu kutoka kituo kingine haukuhesabiwa umepokewa mpaka aurudie neno kwa neno na mwenzake aseme "sahihi". Treni za siku nzima alizishika kichwani. Basi nimsomee kijitabu chote. Atarudia.

Nilimuuliza kama huko si kunakili.

"Mwalimu, kichwa changu ni karatasi?"

Niliwaza mpaka chai ikapoa. Kukumbuka hakukukatazwa. Tukaanza.

Maneno yenyewe hayana mzizi katika lugha yoyote niijuayo. Tolmek. Arubas. Veshi. Opicho hayajali. Mstari wa kwanza ameuita Makadara, wa pili Embakasi, hivyo hivyo akiteremka na reli kuelekea pwani. Akisahau, hurudi kituo kimoja nyuma na kuingia upya. Leo tumefika Konza.

Jumatano, 21 Julai

Tumemaliza mistari yote ishirini. Wa mwisho ni Voi. Nimemjaribu mbele na nyuma. Sahihi.

Jumamosi, 24 Julai

Nilikaa mbali, mikono mfukoni, kama tulivyokubaliana. Kitabu kiliuliza. Triza alimsomea swali, maana lenyewe huja kwa herufi ndogo. Midomo ya Opicho ikacheza kidogo — alikuwa njiani, Emali au huko karibu. Akabonyeza herufi moja moja kwa kupapasa.

Kikafunguka.

Kweyu, mtunza ukumbi, alipiga meza na kusema maneno ya vijana wa mtaani ambayo sitayaandika. Opicho alivaa miwani yake isiyomsaidia tena na kuanza kusimulia.

Naweza kwenda Mbooni.

Jumamosi, 31 Julai

Naandika haya ukumbini. Mizigo imefungwa, lori litakuja Jumatatu.

Kitabu kimeuliza mstari wa ishirini na mbili.

"Hakuna," Opicho alisema. "Reli yangu inaishia Voi."

Nilisema mashine imekosea. Nilisema kwa ukali. Nilikuwa nimesoma kila mstari mwenyewe.

Opicho aliomba kijitabu. Akapapasa jalada la mbele, kisha la nyuma, kisha la mbele tena. "Mwalimu, huku nyuma ni kunene."

Nikaelewa kabla hajamaliza. Mistari inaendelea upande wa ndani wa jalada la nyuma. Nami nilikunja kaki juu yake, nikaipaka gundi pembe zote nne, nikaibana usiku kucha chini ya Biblia ili isikunjamane.

Triza alitazama, akanigeukia. "Kwa hivyo wenye kampuni walifunga kidogo, Mwalimu ndiye akafunga kabisa."

Kweyu alicheka mpaka akakaa.

Opicho aliisukuma kibodi pembeni. "Mhunzi," alimwambia Triza, "uko mlangoni pa pango. Ndani unasikia maji. Unafanya nini?"

"Nawasha taa."

"Huna mafuta. Ulimpa yule mwanamke wa daraja."

"Basi naingia hivyo hivyo."

"Rusha dadu."

Wanaendelea hata sasa. Asichokikumbuka anakibuni. Nalijua pango hilo. Katika kitabu lina popo tu. Leo limejaa mbuzi, na mchungaji wao anaongea kama wachuuzi wa soko la mbuzi la Kiamaiko. Kioo bado kinauliza neno lake. Hakuna anayekitazama.

Mimi niko mwisho wa meza na kitambaa kibichi, nabandua kaki. Mahali pengine gundi inaachia. Pengine herufi zinaondoka nayo. Mstari wa ishirini na moja unasomeka. Wa ishirini na mbili, neno la kwanza na la pili. La tatu limepasuka, nusu kwenye kaki, nusu kwenye kijitabu. Yaliyobaki bado sijayafikia.

Hatuna tena wiki ya kusoma na kurudia.

Nyuma ya kiti cha Opicho kuna ubao wa matangazo ya ukumbi. Nimemwomba Kweyu chaki. Amenitazama — anajua ninavyosema kuhusu ukurasa wa kwanza na kunakili — kisha ameileta, pamoja na kifutio ambacho sikukiomba.

Nimefuta tangazo la mazishi ya wiki iliyopita. Nimeandika neno la kwanza kwa herufi zenye urefu wa kiganja.

Opicho alisikia mkwaruzo. Hakugeuka. Alimwacha mhunzi majini.

"Mwalimu, ni wewe huyo?"

"Ni mimi."

"Andika kubwa zaidi."