Sharubati ya Guransi

Riyadh, 4 Machi 2025

Dadangu Beldina,

U hali gani huko Jeddah? Madam anakuacha upumue Ramadhani hii? Mimi mzima, ila vumbi la hapa getini linanipigisha chafya mpaka bosi anadhani naumwa. Kwa kuwa simu yako ilitumbukia kwenye ndoo, nimeandika. Justus, dereva wa lori, atakufikishia.

Sasa sikia. Mwenzangu wa chumbani, Dil, yule Mnepali, amemaliza mkataba na mwisho wa mwezi anarudi kwao. Unajua alivyompenda Maya, mpishi mwenzako na Mnepali mwenzake, tangu alipomwona nyuma yako kwenye video. Namba yake anayo, lakini kila akiandika ujumbe anaufuta. Na mamake ameshasema: ukirudi bila mchumba, mimi nimeshakutafutia. Kwa hiyo ni sasa au basi.

Pakiti aliyonayo Justus ina maua makavu ya guransi, mti ulio nyuma ya nyumba yao. Dil anasema msimu ukifika mlima mzima unakuwa mwekundu. Kuni wanapata hapo, mizizi inashika udongo mvua ikipiga mteremko, na mtu akikwamwa na mwiba wa samaki anameza ua kavu. Nikamwambia kwetu tunameza tonge la ugali, halas, yamekwisha. Tukabishana, guransi yake na mianzi yetu ya Elgon, mpaka wenzetu wakatufukuza chumbani.

Mpe Maya mkononi. Mwambie yametoka kwao Dil, na Dil anauliza kama atakubali kuolewa naye.

Kakako,
Protus

Jeddah, 9 Machi 2025

Kaka Protus,

Pokea salamu nyingi sasa hivi, maana ukifika katikati ya barua hutazitaka tena. Mimi mzima wa mwili.

Justus aliacha pakiti kwa mlinzi Jumatano, barua akaisahau chini ya kiti. Nimeipata leo. Kaka, mimi niliona maua mekundu makavu, nikajua ni karkade, yale maua ya kutengenezea juisi. Nikasema, huyu Protus ananipenda jamani! Madam alikuwa na wageni wa futari. Nikayachemsha yote, nikatia sukari na ndimu. Walisifu sana, mama mmoja akaomba glasi ya tatu.

Maya hayuko, ameazimwa kwa dada yake madam mpaka Jumanne. Imebaki nusu chupa nyuma ya maziwa kwenye friji. Je, nitume mtu sokoni Ghulail aninunulie karkade, niifunge vizuri nimpe? Si yote ni mekundu?

Sijalala vizuri, walahi.

Dadako,
Beldina

Riyadh, 11 Machi 2025

Beldina!

Afya yako nitaiuliza siku nyingine. Karkade? Utamdanganya mtoto wa milimani kwa maua ya dukani? Usithubutu!

Nimemwambia Dil ukweli. Afadhali angenitukana. Alisema tu "mafi mushkila", hakuna shida, akaketi kitandani anakunja shati lile lile, analikunjua, analikunja tena. Yale maua mamake aliyachuma mwenyewe, na magoti yake mabovu.

Mwambie Maya kila kitu, hata akikugombeza kwa Kinepali. Na wale wageni, hakuna aliyelewa? Dil anasema asali ya maua hayo inalevya, ingawa maua yenyewe wao hunywa bila shida.

Kakako mwenye hasira (lakini bado kakako),
Protus

Jeddah, 14 Machi 2025

Kaka mpendwa,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa, nina furaha mpaka nimeunguza sambusa! Hakuna aliyelewa.

Nilikuwa nimejipanga kusema baada ya kazi. Maya akaingia jikoni, ana kiu, akafungua friji na kujimiminia. Akaonja. Akasimama tuli. Akaonja tena, kisha akaketi sakafuni na aproni yake. "Guransi!" akasema. "Nani ameleta guransi?" Analia, anacheka, ananishika miguu. Ati wakienda kuokota kuni na mamake walifyonza maji matamu ya maua hayo, na nyumbani kwao walitengeneza sharubati hii hii. Kasoro ndimu, amesema niliharibu na ndimu.

Nikamweleza yote. Ya Dil, ya mama mwenye magoti, ya upumbavu wangu. Mimi roho juu. Kisha akaimaliza chupa, hata tone hakunibakishia.

Mkataba wake uliisha Januari, Protus. Alikuwa karibu kuweka sahihi aongeze miaka miwili. Amesema, "Mwambie Dil asikate tiketi ya mtu mmoja."

Dadako,
Beldina

Riyadh, 1 Aprili 2025

Dadangu kipenzi,

Habari za Idi? Hapa ni shwari, ila chumba kimepooza.

Jana nilimsindikiza Dil uwanja wa ndege. Maya alitua kutoka Jeddah, Dil akamngojea na lile shati, limenyooka kama la bwana harusi. Wiki nzima alikuwa amekariri hotuba. Maya alipomkaribia, hotuba ikapotea yote, akabaki ameachama. Nikamkanyaga mguu. Wapi!

Maya akamtazama, akacheka, akamtwika begi lake zito kuliko yote. "Yalla, twende," akamwambia, "mamako anatungoja." Nami nikasimama pale na sare yangu ya ulinzi, nalia mbele ya watu.

Kakako,
Protus