Mpaka Mwezi Upungue

Jumatano, 13 Machi
Mawingu mazito asubuhi, manyunyu juu ya mto. Nguo hazijakauka tangu Jumapili.

Mama alishindwa kupumua tena alfajiri. Muuza dawa wa kijijini akamdunga sindano ile ile ya pumu. Akatulia. Nikapanda mtumbwi hadi kituo cha afya cha Borbón kuchukua majibu ya damu yake. Zile chembe nyeupe zinazopigana na minyoo, mwezi uliopita zilikuwa tele. Leo karibu hazipo, basi minyoo imekwisha! Nikanunua samaki, nikampikia wa nazi. Mama anasema ni majani yake ya paiko, dawa ya minyoo aliyoinywa mwezi ulipokuwa ukipungua, kama alivyofundishwa na bibi. Sikubisha. Nilikuwa na furaha.

Ijumaa, 15 Machi
Mvua tangu usiku.

Daktari Ximena wa kituo cha afya ameniita. Hakutabasamu. Alieleza kwamba utumbo huonja, kama ulimi. Ukionja mnyoo hupiga mbiu, na chembe nyeupe hukusanyika.

“Hao ni walinzi, Nelda. Hawajaondoka kwa sababu wezi wamekwisha. Sindano za pumu zimewalevya.”

Na minyoo ya Mama ni ile inayozaana humo humo mwilini. Bila walinzi hupanda hadi mapafuni. Huenda hata kikohozi cha Mama ni chao. Sindano ziachwe. Vidonge viwili vya minyoo, leo hii. Akipata homa, hospitali mara moja.

Na mimi nilipika samaki!

Mama amekataa. Mwezi unakua. Minyoo ikichokozwa mwezi ukikua hupanda kooni na kumkaba mtu — binamu yake alikufa hivyo. Nikamweleza habari za walinzi. Akanisikiliza hadi mwisho.

“Wewe umesoma, mwanangu. Mwezi haujasoma. Tungoje upungue.”

Mwezi mpevu ni Jumatano. Tungoje nini?

Jumamosi, 16 Machi
Mawingu. Hakula ndizi wala mchuzi. Kikohozi. Vidonge bado mfukoni mwangu.

Jumapili, 17 Machi
Jua kali, mbingu tupu. Mara ya kwanza mwezi huu.

Nilipokuwa nikimwogesha niliona mstari mwekundu tumboni. Jioni ulikuwa umesogea, kama mnyoo chini ya ngozi. Mama naye aliuona. Akasema mwezi ukifunikwa na wingu atameza vidonge: usichokiona hakikuoni.

Mimi ninayelalamikia mawingu kila asubuhi, leo nimeyaomba kutwa. Hakuna. Nilitundika blanketi dirishani. Akacheka mpaka akakohoa: eti namdanganya mwezi kwa blanketi? Akaniamuru niliondoe.

Tulikaa mlangoni, yeye na bilauri ya maji, mimi na vidonge. Hatimaye wingu likatoka upande wa bahari. Dogo. Akameza kimoja haraka, akanyoosha mkono apewe cha pili. Nuru ya mwezi ikarudi miguuni pake.

Akafumba mdomo. “Kingine wingu likija.”

Analala ameketi. Paji la uso ni la moto, au ni mkono wangu? Kidonge kiko kwenye kisahani. Mtumbwi wa kwanza wa kwenda hospitali ni alfajiri. Nimetazama juu mpaka shingo imeuma. Mbingu nyeupe kwa mbalamwezi, hakuna wingu. Sasa ni saa saba kasorobo usiku, nalala.